Saratani iliyogunduliwa Kampala: Mlango wa majaribio ya tiba uko wapi kwa mtoto wetu?

KATIKA familia nyingi za mijini, taarifa kwamba mtoto ana saratani ya damu hufuatwa na jambo moja. Ndugu mwenye simu nzuri hukesha mtandaoni akitafuta nchi ambako dawa mpya inajaribiwa. Akipata habari za hospitali ya Ulaya au Marekani inayowapa wagonjwa tiba ambayo haijaingia sokoni, mazungumzo ya ukoo hugeukia nauli, viza na michango. Ni mara chache sana kusikia mtu akiuliza kwa nini jaribio hilo haliko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na iwapo lipo, ni nani mwenye wajibu wa kumweleza mzazi.

Swali hilo lina uzito wa pekee kuhusu aina moja ya saratani hizo, nayo ni limfoma ya Burkitt. Huu ni ugonjwa unaoanzia katika chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili dhidi ya maradhi. Katika ukanda wetu huwapata zaidi watoto, hasa wa maeneo yenye malaria kali kama yale yanayozunguka Ziwa Victoria, na mara nyingi huonekana kwanza kama uvimbe wa taya au wa tumbo. Wataalamu huuhesabu miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote zinazompata binadamu. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, wiki tatu za kusubiri majibu ya maabara zinaweza kumgharimu maisha.

Jambo la kutia moyo ni kwamba saratani hii inayokua kwa kasi huyeyuka kwa kasi vilevile ikipata dawa sahihi. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hupona. Katika hospitali nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, wanaopona mara nyingi hawazidi nusu. Pengo hilo ndilo linaloyafanya majaribio ya tiba kuwa suala la sera na bajeti, wala si la madaktari peke yao.

Ilianzia Mulago

Msomaji anaweza kudhani kwamba majaribio ya dawa za saratani ni jambo geni lililoletwa juzi na wafadhili. Historia inasema vinginevyo. Mwaka 1957, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya zote. Baada ya kuona watoto wengine wa aina hiyo, aliandika makala ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 15,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana na ni wapi hauonekani. Ramani waliyoichora ilifanana kwa kiasi kikubwa na ramani ya malaria.

Sampuli za uvimbe kutoka Kampala zilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona ndani yake kirusi ambacho hadi leo kinaitwa kwa majina ya wawili kati yao, Epstein-Barr. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere, serikali ya Uganda na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Hapo ndipo John Ziegler na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Uganda, walipowagawa wagonjwa katika makundi na kulinganisha utaratibu mmoja wa dawa na mwingine: dozi moja dhidi ya dozi kadhaa, dawa moja dhidi ya mchanganyiko. Wahudumu wa kituo waliwafuata wagonjwa hadi vijijini kwao ili kujua nani amepona, nani ugonjwa umemrudia na nani amefariki. Mwaka 1972 kazi hiyo ilitambuliwa kwa Tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za tiba nchini Marekani, ambayo Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa walioipokea.

Mwaka huohuo, chini ya utawala wa Idi Amin, Wamarekani walianza kuondoka na uongozi wa kituo ukabaki mikononi mwa Mganda, Charles Olweny. Kituo hakikufungwa. Hata hivyo, miaka ya vita na umaskini iliyofuata ilipunguza dawa, vifaa na wataalamu, na polepole mahali palipokuwa pakiufundisha ulimwengu pakabaki pakihangaika kupata dawa za kawaida. Majaribio makubwa yakahamia kwingine.

Majibu ya wengine

Matokeo ya kuhama huko yanaonekana wazi katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 2020. Watafiti waliwaandikisha watoto na vijana 328 wenye limfoma kali, wengi wao ikiwa ni ya Burkitt. Nusu walipewa tiba ya kemikali ya kawaida, na nusu wakaongezewa dawa inayoitwa rituximab. Miaka mitatu baadaye, walioongezewa dawa hiyo na kuishi bila ugonjwa kurudi wala tukio jingine baya walikuwa asilimia 93.9, wakati wa kundi la kwanza walikuwa asilimia 82.3. Tofauti hiyo ilitosha kubadili matibabu katika nchi zilizoshiriki.

Washiriki hao walitoka Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na Hong Kong. Hakuna hata mmoja aliyeandikishwa katika hospitali ya Afrika, bara ambalo lina watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo na ambalo jina la ugonjwa lilitokea.

Yapo maswali ambayo jaribio hilo haliwezi kumjibu daktari wa Mwanza au Kisumu. Tiba iliyotumika humo hutumia dozi kubwa za dawa kali, na humhitaji mgonjwa aliye karibu na maabara inayoweza kupima kiwango cha dawa katika damu, benki ya damu isiyokauka, dawa za kupambana na maambukizi na chumba cha uangalizi maalumu. Mtoto wa kwetu hufika akiwa amekonda na ana malaria, huku uvimbe ukiwa umekwisha kusambaa. Ukimpa dozi ileile bila mazingira yaleyale, unaweza kumponya saratani na kumpoteza kwa maambukizi. Ukimpa dozi ndogo, saratani inarudi. Kiwango kinachofaa kati ya hayo mawili hakiwezi kujulikana kwa kusoma matokeo ya Ulaya. Kinajulikana kwa kupima hapa.

Kwamba inawezekana kupima hapa si nadharia tena. Nchini Malawi, katika Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, watafiti waliwaandikisha watu wazima 37 wenye aina nyingine ya limfoma, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, wakawapa rituximab pamoja na tiba ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dawa hiyo inaweza kutolewa kwa usalama katika hospitali ya umma ya nchi maskini. Lilikuwa jaribio dogo, lisilo na kundi la kulinganisha, na wenyewe hawakudai zaidi ya hapo. Lakini kabla yake daktari alikuwa akikisia, na baada yake ana pa kuanzia.

Woga wenye sababu

Wapo watakaosema kwamba Waafrika hawataki kufanywa panya wa maabara. Woga huo usidharauliwe, kwa sababu una historia. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo katika jimbo la Kano nchini Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwapa watoto dawa iliyokuwa katika majaribio, Trovan. Familia zililalamika kwamba hazikuelezwa kwamba hilo lilikuwa jaribio. Kampuni ilikanusha kufanya kosa, lakini baada ya kesi za miaka mingi ilifikia makubaliano ya dola milioni 75 na serikali ya jimbo hilo mwaka 2009. Nchini Marekani kwenyewe, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wa Tuskegee wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya tiba kupatikana.

Visa hivyo ndivyo vilivyozaa au kuimarisha kanuni zinazotumika leo. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1964, limerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho mwezi Oktoba 2024. Katika marekebisho hayo ya karibuni, anayejaribiwa dawa anaitwa mshiriki, mtu ambaye watafiti wana wajibu kwake hata baada ya utafiti kwisha.

Hata hivyo, woga huo unasahau jambo moja kubwa. Sisi tunajaribu kila siku. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ambayo haikuwa imepimwa kwa utaratibu wowote, na wengine waliacha dawa za hospitali. Katika wodi zetu nako, dawa moja ikikosekana bohari, daktari huweka nyingine inayokaribiana nayo. Mzazi akikosa nauli, mzunguko wa tatu wa tiba hurukwa na wa nne hutolewa kwa kuchelewa. Kila mmoja wa watoto hao anapewa utaratibu ambao haujathibitishwa popote.

Huko nako ni kujaribu, ila hakuna fomu ya ridhaa, hakuna kamati ya maadili, hakuna bima, na hakuna anayeandika kilichotokea ili mtoto anayefuata anufaike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, maisha je? Hoja ya kweli, kwa hiyo, haihusu kama watoto wetu wajaribiwe au wasijaribiwe. Inahusu kama kujaribu huko kutafanywa kwa kanuni na kuandikwa, au kutaendelea kimyakimya.

Mlango wa kwanza ni maabara

Hapa ndipo penye kikwazo kikubwa ambacho familia nyingi hukigundua wakati umepita. Hakuna jaribio linalompokea mgonjwa wa kukisia. Kila jaribio huanza na orodha ya masharti: aina ya saratani iliyothibitishwa, imefika hatua gani, umri, hali ya figo na ini, na dawa ambazo mgonjwa amekwisha kutumia. Mtoto asiye na jibu la maabara hana sifa ya kuingia, hata kama jaribio liko jengo la pili.

Njia ya mtoto mwenye limfoma kufikia jibu hilo katika ukanda wetu ni ndefu. Taya likivimba, hupelekwa kung'olewa jino. Mitoki ikivimba shingoni, huanzishiwa dawa za kifua kikuu. Tumbo likijaa, hupewa dawa za minyoo au hupelekwa kwa mganga. Wakati mwingine hupewa vidonge vya aina ya prednisolone, ambavyo hupunguza uvimbe kwa muda na kumpa mzazi matumaini, lakini pia huweza kuharibu ushahidi ambao mtaalamu wa maabara angeuona kwenye darubini. Na majaribio mengi ya tiba ya mwanzo hayampokei mgonjwa ambaye amekwisha kuanza tiba ya kemikali kwingine. Dozi mbili zilizotolewa kwa nia njema katika hospitali isiyo na utaalamu huo zinaweza kumfungia mlango.

Ndiyo maana mojawapo ya tafiti muhimu zilizofanywa karibuni Tanzania na Uganda haikuhusu dawa. Mradi unaojulikana kama AI-REAL, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wataalamu wa nchi hizi mbili, ulilenga kutambua limfoma kwa watoto na vijana kwa kupima damu tu. Chembe za uvimbe huacha vipande vya vinasaba katika damu, na kirusi cha Epstein-Barr nacho huacha alama zake. Watafiti walilinganisha kipimo hicho na utaratibu wa kawaida wa kukata kinyama na kukipeleka kwenye darubini. Lengo ni kufupisha safari ya wiki nyingi iwe ya siku chache.

Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2010, utafiti mwingine mkubwa uitwao EMBLEM, uliofadhiliwa na Marekani, uliwaandikisha watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania ili kuchunguza uhusiano wa malaria, kirusi hicho na Burkitt. Huo haukuwa wa kutibu. Ni vizuri mzazi aelewe tofauti hiyo: kuna tafiti zinazochukua taarifa na sampuli ili kuujua ugonjwa, na kuna majaribio yanayobadili matibabu ya mgonjwa. Zote zina thamani, lakini haziwi na faida sawa kwa mtoto aliyelala kitandani leo.

Namna ya kutafuta

Kwa anayetaka kujua kama lipo jaribio linalomfaa mgonjwa wake, mahali pa kwanza pa kuuliza ni kwa daktari bingwa anayemtibu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza, KCMC mjini Moshi, pamoja na Taasisi ya Saratani ya Uganda, ni vituo ambavyo watafiti hupitia. Kuuliza si ujinga. Daktari mwenye wagonjwa 60 kwa siku anaweza asikumbuke kutaja jaribio, lakini akiulizwa atajibu, au atamwelekeza mzazi kwa anayejua.

Mahali pa pili ni madaftari ya wazi ya majaribio. Serikali ya Marekani ilifungua daftari lake, ClinicalTrials.gov, mwaka 2000. Kuanzia mwaka 2005 wahariri wa majarida makubwa ya tiba walikataa kuchapisha jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza, na uamuzi huo ukawalazimisha watafiti kutoka gizani. Afrika nayo ina daftari lake, linalosimamiwa kutoka Cape Town, Afrika Kusini, na kufahamika kwa kifupi kama PACTR. Shirika la Afya Duniani lina tovuti inayokusanya taarifa za madaftari ya nchi mbalimbali mahali pamoja. Kuyasoma yote ni bure.

Anayesoma humo aangalie mambo manne kabla ya kufurahi: nchi na hospitali jaribio lilipo, kama bado linapokea wagonjwa au limefungwa, masharti ya kuingia, na tarehe ya mwisho taarifa ilipohuishwa. Mengi yanayoonekana yamekwisha kufungwa. Upungufu mkubwa wa madaftari hayo kwa msomaji wetu ni lugha, kwa kuwa yameandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mzazi asione haya kuchapisha ukurasa na kumpelekea daktari.

Uko pia umuhimu wa wagonjwa wenyewe kuungana. Mfano mzuri unatoka katika saratani nyingine ya damu, ile sugu iitwayo kwa kifupi CML. Dawa yake, imatinib, ilianza kujaribiwa kwa binadamu mwaka 1998. Mwaka 1999 mgonjwa mmoja wa Montreal, Canada, aliyesoma habari zake mtandaoni, aliwakusanya wenzake zaidi ya 3,000 wakatia saini ombi kwa kampuni ya Novartis iongeze uzalishaji ili wengi zaidi waingie katika majaribio. Kampuni iliongeza, na mwezi Mei 2001 dawa ikaidhinishwa Marekani. Wagonjwa wa Tanzania na Kenya waliipata baadaye, bila malipo, kupitia mpango wa msaada. Tunashukuru kwa msaada huo. Lakini nchi inayosubiri msaada haichagui dawa gani ije wala lini.

Maswali kabla ya kusaini

Jaribio likipatikana, mzazi asikimbilie kusaini. Kwanza aulize liko awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza hutafuta hasa usalama na kiwango cha dozi, na faida kwa mshiriki haina uhakika. Ya pili hutazama kama dawa inafanya kazi. Ya tatu hulinganisha tiba mpya na iliyopo, na mara nyingi kompyuta ndiyo inayopiga kura ya nani aingie kundi gani. Hofu kwamba mtoto atapewa kidonge kisicho na dawa huku saratani ikimla haina msingi katika majaribio halali, kwa sababu pale ambapo tiba ipo, kundi la kulinganisha hupewa tiba hiyo iliyopo.

Pili, aulize ni nani aliyeidhinisha. Tanzania Bara, jaribio la dawa huhitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa TFDA. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya. Kenya wapo Bodi ya Dawa na Sumu na kamati za maadili; Uganda lipo Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia pamoja na Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Fomu ya ridhaa hutaja namba za vibali hivyo na simu ya kamati ya maadili, ambayo mzazi anaweza kuipigia bila kupitia kwa mtafiti.

Tatu, aulize gharama. Ni nani analipa vipimo, kitanda, nauli na chakula cha anayemuuguza mtoto? Ni nani atamtibu akidhurika? Dawa ikithibitika kuwa nzuri, ataendelea kuipata baada ya jaribio kwisha? Mahali panapomtaka mgonjwa alipe mamilioni ili "ajaribiwe" dawa mpya, hasa kliniki za nje ya nchi zinazojitangaza katika mitandao, pakimbiwe.

Nne, afahamu kwamba ridhaa si kifungo. Mshiriki ana haki ya kujiondoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Fomu iwe kwa Kiswahili au lugha anayoielewa, na apewe muda wa kushauriana na familia. Mtoto anayeweza kuelewa naye aelezwe na kuulizwa. Kwa ugonjwa unaokua kwa kasi kama Burkitt muda huo ni mfupi, pengine siku moja tu, na kwa sababu hiyo maelezo yanapaswa kuwa mepesi na ya kweli zaidi.

Wajibu wa serikali

Ni dhahiri kwamba mzazi peke yake hawezi kuufungua mlango huu. Hawezi kujenga maabara, kumsomesha mtaalamu wa darubini wala kuleta jaribio. Hayo ni ya serikali, na si yote yanayohitaji fedha nyingi. Orodha ya majaribio yaliyoidhinishwa inaweza kuwekwa wazi kwa Kiswahili chepesi, ikitaja hospitali na hali ya uandikishaji. Vituo vya afya vya wilaya za kanda ya ziwa vinaweza kupewa agizo la wazi kwamba mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua kwa siku chache asing'olewe jino wala asipewe prednisolone kabla ya kupelekwa hospitali ya rufaa. Nauli ya mtoto mwenye saratani na mlezi wake inaweza kuingizwa katika gharama za tiba, kwani anayekatiza matibabu kwa kukosa nauli hapotei kwa familia yake tu, hupotea pia katika hesabu za utafiti.

Yapo mengine yanayotaka fedha, na hapo ndipo nia hupimwa. Kampuni na vyuo vikuu vya nje hupeleka majaribio mahali ambapo uchunguzi ni wa haraka, dawa za kawaida hazikatiki, kumbukumbu za wagonjwa zinaaminika na vibali havikai miezi mezani. Nchi ambayo dawa za msingi za saratani huisha katikati ya mwaka haiwezi kupewa jaribio, kwa sababu haina tiba ya kulinganishia. Kwa maneno mengine, maandalizi ya kupokea dawa ya kesho ni kuhakikisha dawa ya leo ipo.

Uganda imeonyesha kwamba kurudi kunawezekana. Mwezi Mei 2015 ilifunguliwa Kampala, hatua chache kutoka wodi za zamani za limfoma, kliniki mpya ya saratani iliyojengwa kwa ushirikiano wa Taasisi ya Saratani ya Uganda na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, ikiwa na sehemu ya utafiti na mafunzo. Hilo ni jengo moja katika ukanda wenye mamilioni ya watoto. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wataalamu na wagonjwa wake huvuka mipaka kila siku, ingeweza kuwa na utaratibu mmoja wa kuidhinisha majaribio ya magonjwa kama haya, ili mtoto wa Tarime asizuiwe kuingia jaribio lililo Kisumu kwa sababu ya mpaka ambao mbu wa malaria hautambui.

Miaka zaidi ya 50 iliyopita, watoto wa Kampala walishiriki majaribio ambayo matokeo yake yaliwasaidia watoto wa dunia nzima. Wengi wao hawakuishi kuona faida hiyo. Wabunge wetu watakapojadili tena bajeti za wizara za afya, wasitosheke kuuliza idadi ya mashine zilizonunuliwa. Wamtake waziri aeleze ni majaribio mangapi ya tiba ya saratani za watoto yanayoendelea nchini, watoto wangapi wameandikishwa, na mtoto mwenye uvimbe wa taya anasubiri siku ngapi kupata jibu la maabara. Waziri asipokuwa na takwimu hizo, wananchi watakuwa wamejua pa kuanzia.